Gari Dogo la Familia Likizeeka Nairobi, Anza na Joto

Magari mengi madogo yanayobeba familia Nairobi yalishuka bandarini Mombasa yakiwa na miaka saba hivi, maana sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo limepita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Likitumika hapa miaka kumi, tayari ni gari la miaka 17, na mpira wowote ambao haujawahi kubadilishwa una umri huohuo. Hilo husahaulika sana. Chuma cha gari hili bado kina nguvu. Kilichochoka ni mipira, plastiki, oili na maji yake.

Chukua injini ya Toyota ya 1NZ-FE, ile ya lita 1.5 iliyo ndani ya Corolla NZE121, Fielder, Probox, na Premio na Allion za modeli 240 na 260. Inaweza kupita kilomita 300,000 bila kufunguliwa, mradi haijawahi kuchemka na oili yake imebadilishwa kwa wakati. Zinazokufa mapema huuawa na joto, na joto lenyewe huletwa na vitu vya bei ndogo: kifuniko cha rejeta, themostati (vali inayoyafungulia maji njia ya rejeta yakipata moto), paipu iliyopasuka, maji ya bomba. Kwa hiyo mwenye gari zee na pesa kidogo aanzie hapo, kabla ya rangi, kabla ya viti, kabla ya redio.

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Sufuria ya maji hapa huchemka kwenye digrii 94 hivi, si 100 kama Mombasa. Feni ya rejeta kwenye injini hii huwaka maji yakikaribia digrii 93. Maana yake ni kwamba gari lenye kifuniko kibovu cha rejeta huanza kuchemka karibu wakati uleule feni inapoanza kazi. Kifuniko kizima kina springi inayozuia presha, na juu yake pameandikwa 0.9 au 1.1, au 88 kPa au 108 kPa. Presha hiyo ndiyo inayosukuma kiwango cha kuchemka hadi kupita digrii 115 hata huku kwetu juu. Kikichoka, unapoteza zaidi ya digrii ishirini za usalama, na hakuna taa itakayokuambia.

Kikague injini ikiwa baridi kabisa. Geuza kifuniko utazame mpira wake: ukiwa mgumu, umepasuka au una alama ya kina ya mdomo wa rejeta, tupa. Katikati kuna kivali kidogo cha shaba. Kivute kwa kucha. Kinapaswa kufunguka na kurudi chenyewe. Kikiganda, maji yaliyokwenda kwenye chupa ya akiba hayarudi injini ikipoa, na asubuhi utakuta paipu ya juu ya rejeta imebonyea kama chupa ya plastiki iliyofyonzwa hewa. Nunua kifuniko chenye namba ileile ya presha. Kuweka cha 1.1 mahali pa 0.9 kwenye rejeta ya zamani ni kuitafutia plastiki yake mpasuko.

Usiutegemee sana mshale wa joto. Kwenye Toyota nyingi mshale umetengenezwa kukaa katikati hata joto likipanda na kushuka digrii nyingi, ili dereva asihangaike. Ukiuona umeanza kupanda juu ya kati, mambo yameharibika kitambo. Baadhi ya magari hayana mshale kabisa, yana taa ya bluu na nyekundu tu. Njia ya uhakika ni macho: kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kuwasha injini, tazama chupa ya akiba. Maji yakipungua kutoka alama ya FULL hadi LOW ndani ya wiki moja, yanakwenda mahali fulani. Tafuta mahali hapo, usiongeze tu.

Maji ya bomba ni adui mwingine. Yale ya visima, ambayo mitaa mingi ya Nairobi hutegemea, yana chumvi nyingi. Tazama tabaka jeupe ndani ya birika lako la umeme. Tabaka hilohilo hujijenga ndani ya vijia vyembamba vya rejeta. Kulanti, ile dawa ya kupozea inayochanganywa na maji ya rejeta, mbali na kupandisha kiwango cha kuchemka, huzuia kutu kula pampu ya maji na hedi ya alumini, ile sehemu ya juu inayofunika silinda za injini. Tumia nusu kulanti na nusu maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwenye vituo vya petroli kwa ajili ya betri. Soma kibandiko vizuri, maana asidi ya betri nayo huuzwa kwenye chupa zinazofanana. Mfumo wa injini ya lita 1.5 huchukua takriban lita 5 pamoja na hita. Kama kulanti imeshachanganywa tayari kiwandani, usiiongezee maji. Na usichanganye ya kijani na ya waridi: kemia zake ni tofauti, na baadhi zikikutana hufanya utando kama uji.

Kubadilisha ni kazi ya saa mbili. Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko, kisha legeza skrubu ya plastiki chini ya rejeta. Polepole, kwa mkono, kwa sababu ikikatika utanunua rejeta. Kama kilichotoka ni cha rangi ya chai, jaza maji matupu, washa injini dakika kumi hita ikiwa kwenye joto la mwisho, acha ipoe, mwaga tena. Rudia mpaka yatoke safi, na mzunguko wa mwisho uwe wa maji yaliyotoneshwa. Jaza kulanti taratibu. Pandisha pua ya gari kwenye mteremko mdogo, washa injini kifuniko kikiwa wazi, hita ikiwa kwenye joto, na ubonyebonye paipu ya juu ili hewa itoke. Feni ikishawaka mara mbili na hita ikitoa hewa ya moto mfululizo, hewa imekwisha ndani. Hita ikitoa baridi wakati injini ni moto, bado kuna povu la hewa limekwama, na hilo likifika kwenye hedi linaweza kuipinda siku hiyohiyo.

Sasa tuje kwa themostati, maana hapa ndipo gereji nyingi za mjini hukosea kwa nia njema. Gari likichemka, fundi husema, “Boss, hii tuitoe tu. Huku hakuna barafu, haina kazi.” Jibu ni, “Hapana fundi, weka mpya ya digrii zilezile.” Bila themostati injini haifiki joto lake. Kompyuta hudhani bado ni asubuhi, inazidisha petroli, plagi zinakuwa nyeusi, petroli inashuka kwenye oili. Giaboksi ya otomatiki huchelewa kuingia gia ya mwisho kwa sababu inangoja maji yapate joto. Juu ya hayo, kwenye injini nyingi kisahani cha chini cha themostati ndicho kinachofunga njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji moto inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na gari linachemka zaidi likipanda mlima.

Themostati hupimwa jikoni. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, weka kipimajoto, washa moto mdogo. Ya 1NZ-FE hufunguka kati ya digrii 80 na 84. Utaona kisahani kinaanza kujitenga na kingo zake, kwanza unywele mmoja wa nafasi, kisha uwazi unaopanuka kadiri maji yanavyopata moto. Kufikia mchemko wa hapa Nairobi unapaswa kuwa unakaribia milimita 8. Toa ukaiache ipoe: lazima ifunge kabisa. Ikibaki wazi hata unene wa karatasi, au ikifunguka upande mmoja imeinama, haifai. Wakati wa kuirudisha, kipini kidogo kinachochezacheza kikae juu, maana ndicho hupitisha hewa. Mpira wake uwe mpya, bila gundi ya silikoni.

Jinsi gari linavyochemka hukuambia ugonjwa. Likichemka kwenye foleni ya Jogoo Road na kupoa likishika kasi, shaka feni. Washa AC gari likiwa limesimama. Feni lazima izunguke mara moja. Kama haizunguki, gonga mota yake kidogo kwa mpini wa bisibisi; ikishtuka na kuzunguka, kaboni zimekwisha. Likienda vizuri mjini lakini likachemka kwenye mpando wa kutoka Mai Mahiu kuja Limuru, shaka rejeta iliyoziba, maji kupungua, au gasketi ya hedi. Rejeta huziba pia kwa nje, kwa vumbi na wadudu kati ya yenyewe na kondensa ya AC. Ioshe kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kuelekea mbele. Presha ya kuoshea magari hulaza mapezi yake. Na tazama tangi la plastiki la juu: likigeuka kutoka nyeusi kuwa kahawia na kuonyesha nyufa nyembamba kama za udongo mkavu, badilisha rejeta kabla halijapasuka barabarani.

Likichemka ukiwa njiani, zima AC, washa hita hadi mwisho, toka barabarani, zima injini, fungua boneti. Halafu ngoja, dakika 40 au zaidi. Kifuniko kikifunguliwa moto, mvuke hubabua uso na mikono, na maji baridi yakimwagwa juu ya hedi moto huipasua.

Baada ya mchemko mkubwa, usiamini kwamba limepona kwa kuwa limewaka. Fanya vipimo viwili kesho yake. Kabla ya kuwasha, bonyeza paipu ya juu. Ikiwa ngumu baada ya usiku mzima, gesi ya mwako imeingia kwenye maji. Kisha fungua kifuniko injini ikiwa baridi, washa, tazama mdomo wa rejeta: mapovu madogo yasiyokoma, hata ukikanyaga mafuta kidogo, ni gasketi ya hedi. Moshi mweupe wenye harufu tamu unathibitisha. Hedi ikifunguliwa, sharti ipimwe kwa rula ya chuma na vipande vya kupimia nafasi. Ikipinda zaidi ya milimita 0.05 inahitaji kuchunwa kwa mashine. Bolti za hedi kwenye 1NZ-FE hukazwa kwa 29 Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza), kisha digrii 90, kisha digrii 90 tena, na huvutika zikifanya hivyo, zilizorefuka hazirudishwi. Fundi asiye na spana ya kupimia nguvu hafai kufunga hedi, hata kama ni mtu mwema.

Oili ni kinga ya pili dhidi ya joto. Injini hii huchukua lita 3.7 ikibadilishwa pamoja na filta, kwa hiyo mkebe wa lita 4 unabakiza kidogo cha kuongezea. Foleni ya Nairobi ni kazi nzito kuliko safari ya Mombasa, kwa sababu saa zinapita na kilomita hazipiti. Badilisha kila kilomita 5,000 au miezi sita. Bolti ya kumwagia ni ya soketi 14, hukazwa takriban 37 Nm, na washa yake iwe mpya kila mara. Filta paka oili kwenye mpira, kaza kwa mkono mpaka iguse, kisha robo tatu ya mzunguko. Tumia 5W-30. Wengine huweka 20W-50 ili kuficha moshi au kelele, lakini VVT-i (mfumo unaobadilisha wakati wa vali kufunguka) na kikaza cheni vinatumia presha ya oili hiyohiyo kupitia matundu madogo. Oili nzito ikichelewa kufika asubuhi, cheni inapiga kelele na kulegea mapema. Premio na Corolla za lita 1.8 zenye 1ZZ-FE za miaka ya mwanzo zina tatizo lao: matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni ni madogo na huziba kwa kaboni, kisha injini inakula oili bila kuvuja popote. Kagua dipstiki kila unapojaza petroli mara ya pili. Taa nyekundu ya oili haipimi kiasi, inapima presha, na ikiwaka ukiwa unaendesha, zima injini hapohapo.

Gasketi ya kifuniko cha tapeti ikivuja, inunue mpya, safisha kingo zote mbili. Gundi ya silikoni ikipakwa kwa wingi hujikunja kuelekea ndani, ikakatika, ikasafiri hadi kwenye chujio la pampu ya oili. Injini nzima inaweza kufa kwa kipande cha gundi kikubwa kama punje ya mchele. Gundi huwekwa tu pale kitabu kinaposema, kwa kawaida tone dogo kwenye maungio ya kifuniko cha cheni.

Giaboksi ya otomatiki nayo huuawa na joto na oili isiyofaa. Corolla na Premio nyingi za mwanzo wa miaka ya 2000 zenye gia nne hutumia ATF, yaani oili ya giaboksi ya otomatiki, ya Type T-IV. Za baadaye hutumia ATF WS. Zenye CVT, giaboksi inayotumia mkanda wa chuma badala ya gia, hutumia oili ya CVT pekee. Ukiweka ATF ya kawaida ndani ya CVT, mkanda wa chuma huteleza, na hakuna kuirudisha. Soma dipstiki au kitabu, usikisie kwa rangi, nyingi hufanana. Kwa giaboksi yenye dipstiki, pima injini ikiwa moto na inanguruma, baada ya kupitisha mkono wa gia kote na kurudi P. Kwenye nyingi za WS hakuna dipstiki; kiwango hupimwa kwa bolti ya chini, oili ikiwa na joto maalum, kwa hiyo anayefanya hivyo awe na kifaa cha kusoma joto.

Ukimwaga, hutoka takriban lita 3 kati ya zaidi ya lita 6, kwa sababu nyingine imebaki ndani ya konvata, chombo kinachounganisha injini na giaboksi. Pima kilichotoka, rudisha kiasi hichohicho. Kwa giaboksi iliyosahaulika miaka mingi, usikubali mashine ya kusukuma yote mara moja. Uchafu uliotulia hung’oka na kuziba vali. Mwaga na ujaze mara tatu, ukiacha kilomita 1,000 hivi katikati. Kwa hesabu hiyo oili ya zamani hubaki karibu sehemu moja kwa sita. Kipoza oili ya gia kwenye magari haya mengi kimo ndani ya tangi la chini la rejeta. Kikitoboka, maji na ATF vinachanganyika, na dipstiki inatoka na rangi ya yogati ya stroberi. Gari la namna hiyo lisiwashwe tena hata kuhamishwa.

Kabla ya kuhukumu giaboksi kwa sababu gari linagonga ukiweka D, kagua mauntini za injini, ile mipira inayoishikilia kwenye bodi. Funga breki ya mkono, mtu akanyage breki, ahamishe kutoka R hadi D huku wewe umesimama kando ya boneti iliyo wazi. Injini ikiruka kama inataka kutoka, mpira wa mauntini umekatika. Mtetemeko unaokuja kwenye D ukiwa umesimama na kupungua ukiweka N ni dalili hiyohiyo. Wengi wamenunua giaboksi nzima ya kutoka Japani, na mtetemo ukabaki palepale.

Chini ya gari, matuta na mashimo ndiyo mahakimu. Mlio mkavu wa tak-tak kwenye matuta madogo, usukani ukiwa sawa, mara nyingi ni linki za stabilaiza, na hizo ni rahisi. Mlio mzito wa kugonga ukifunga breki ni bushi ya nyuma ya mkono wa chini, ule unaounganisha gurudumu na bodi. Mlio wa kreki-kreki ukikata kona hadi mwisho ni jointi ya CV, kiungo kinachozungusha gurudumu la mbele, na kwa kawaida ilianza na buti ya mpira iliyopasuka miezi kabla. Buti ikigunduliwa mapema, unasafisha, unaweka grisi ya CV na buti mpya. Ikiachwa mpaka mvua za Machi, matope huingia na jointi yote inakwisha.

Jambo moja kuhusu bushi linastahili kusemwa polepole, kwa sababu hufanya bushi nzuri ife kwa miezi mitatu. Bushi ya mkono wa chini ni silinda ya chuma ndani ya mpira ndani ya silinda ya chuma, na mpira umeshikamana na vyote viwili. Haizunguki, inajisokota. Fundi anapofunga bolti gari likiwa juu ya jeki, mkono umening’inia chini, na hapo ndipo anapofungia silinda ya ndani. Gari likishushwa, mkono unapanda, na mpira unabaki umesokotwa hata likiwa limeegeshwa. Kila tuta linausokota zaidi mpaka unachanika. Njia sahihi ni kuingiza bolti zote na kuzikaza kwa mkono tu, kushusha gari likae kwa magurudumu yake, kulitikisa mara kadhaa, kisha kukaza kwa nguvu kamili uzito ukiwa juu ya magurudumu. Kama pa kupita chini hapatoshi, weka jeki chini ya bolijointi upandishe mkono mpaka gari linapotaka tu kunyanyuka kwenye stendi, ndipo ukaze. Simama pale uone ikifanywa. Mwenye gereji mzuri hatachukia.

Shokabsoba zibadilishwe mbili kwa pamoja, na baada ya kugusa tairodi (fimbo ya usukani) au mkono wa chini, fanya alaimenti. Nati za magurudumu hukazwa 103 Nm kwa soketi 21. Na mtu asiingie chini ya gari lililobebwa na jeki pekee, hata kwa dakika moja. Stendi mbili za chuma ni bei ndogo sana ukilinganisha na uhai wa kijana anayekutengenezea gari.

Breki: pedi zikibaki milimita 3, badilisha. Unene wa chini wa diski umechongwa kwenye diski yenyewe. Pini za kalipa zipakwe grisi ya silikoni, si grisi ya kawaida, ambayo hufurisha mipira yake na kuzigandisha. Oili ya breki hunywa unyevu wa hewa, na ikishanywa huchemka mapema. Ndiyo maana pedali huzama kwenye mteremko mrefu wa kushuka Mai Mahiu, wakati pedi bado zipo. Badilisha kila miaka miwili, DOT 3 au ile iliyoandikwa kwenye kifuniko. Toa hewa ukianzia gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu, ambalo kwa magari yetu ya usukani wa kulia ni nyuma kushoto. Na kwenye mteremko huo, shuka kwa gia ya 2 au L, usiiachie breki kazi yote.

Umeme hauhitaji maneno mengi. Betri iliyopumzika isome volti 12.6, injini ikinguruma, kati ya 13.8 na 14.5. Ikiwa alternata inatoa vizuri na betri bado inakufa, safisha waya wa athi kati ya injini na bodi kabla ya kununua chochote. Kisomaji cha kompyuta ni kifaa kizuri, ingawa baadhi ya magari ya Japani ya mwanzo wa miaka ya 2000 hayaelewani na visomaji vya bei rahisi. Kodi ya hitilafu inaonyesha mahali pa kuanza kutafuta, haitaji spea ya kununua. P0171, kwa mfano, inasema mchanganyiko una hewa nyingi. Mara nyingi ni paipu ya mpira iliyopasuka baada ya sensa ya hewa, au sensa yenyewe ina vumbi, wala si sensa ya oksijeni.

Mjakaranda ni mti mzuri, lakini ukiegesha chini yake mwezi wa Oktoba, maua hujaa kwenye mfereji ulio chini ya waipa. Mvua za vuli zikija, maji hayana pa kupita, yanaingia kwenye feni ya ndani na chini ya kapeti la abiria. Ng’oa plastiki inayofunika mfereji huo mara moja kwa mwaka, toa uchafu kwa mkono, mwaga maji uone yanatoka nyuma ya magurudumu ya mbele.

Kuhusu spea: Kirinyaga Road na Grogan vina karibu kila kitu, na Industrial Area kuna maduka yanayosoma namba ya chesisi. Piga picha ya kile kibati cha chesisi uwe nayo kwenye simu, na ubebe kifaa cha zamani mkononi ulinganishe uzito, meno na namba zilizochapishwa. Vilivyotumika kutoka Japani ni sawa kwa vioo, taa, alternata, kalipa, hata injini nzima. Usinunue vilivyotumika vya mpira, pampu ya maji, themostati, kifuniko cha rejeta, pedi au cheni. Hivyo umri wake ni sawa na wa kile unachokitoa.

Kabla ya safari ya Desemba ya kwenda ushago na watoto na mizigo, tenga Jumamosi mbili mapema, si usiku wa kuamkia safari. Kulanti, oili, oili ya breki, mkanda wa alternata, buti za CV, taa zote. Tairi za kawaida 32 hadi 33 psi zikiwa baridi, au zaidi kidogo ikiwa kibandiko cha mlango kinasema hivyo kwa gari lililojaa. Soma tarakimu nne za mwisho za DOT ubavuni: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho mwaka, tairi lenye kashata nzuri lakini lenye miaka kumi lisiende safari. Na fungua buti ya mizigo utoe ile spea nyembamba ya manjano, yaani tairi la akiba. Inataka 60 psi, na kwa kawaida ukiipima utaikuta na 15.